Wanawake Wanane Madirishani

Balbu ya chumba cha juu ilikuwa ya moto kabla mtu hajaiwasha. Mke wa mpiga picha aliigusa, akarudisha kidole, akampigia mumewe simu.

"Baba Pacha, nyumba hii kweli haina mtu?"

"Funguo zote ninazo mimi. Fanya haraka, anga linazima."

Huyo bwana alipiga picha za nyumba zinazouzwa, tena jioni tu, pale bluu ya angani inapolingana na taa za ndani. Dakika kumi, basi. Kamera ilisimama uani kwa miguu yake mitatu, haisogezwi. Mke ndiye aliyezunguka vyumbani, akiwasha, akimulika dirisha kwa taa ya mkononi, akizima. Picha nane, kila dirisha na yake; nyumbani mume anaziunganisha kuwa moja, kisha anamfuta mke. Ndiyo mapenzi hayo.

Jikoni, chumba cha mwisho, mke alinong'ona simuni. "Nasikia harufu ya nywele zinaungua. Na huko juu kuna mtu anatembea. Natoka."

"Mama Pacha, usiniharibie kazi! Mulika hilo moja tu."

Akamulika. Mume akabonyeza, na papo hapo madirisha saba aliyoyaacha giza yakawaka yenyewe, na katika kila moja amesimama mkewe, gauni lilelile, taa mkononi, na wote wanane wakageuza shingo polepole wakamtazama yeye, kisha nyumba nzima ikazima, na mke hakutoka.

Kesho yake mganga alinusa kizingiti, hakuvuka.

"Wamo wanane, wako ni mmoja tu. Uliyemwambia abaki ni wewe, wa kumtoa ni wewe. Mshike mkono mtoke. Ukikosea, utaishi na huyo, na wako harudi tena."

"Nitamjuaje?"

"Miaka kumi na mbili kitanda kimoja, unaniuliza mimi?"

Akaingia. Kila chumba kilimwita, "Baba Pacha, niko huku," kilio kilekile, harufu ileile ya kuungua, naye akatafuta kichwani kovu, jino, mwendo, chochote cha mkewe, akakuta miaka yote alimtazama yule mwanamke ili ajue pa kumfuta tu, basi akashika mkono uliokuwa karibu.

Ulikuwa wa moto.

Nyumbani wale pacha walichungulia, wakamwona mama yao akishuka garini. Hawakukimbia kumpokea. Walifunga mlango, wakasukuma komeo.

"Baba," mmoja alisema kwa ndani, "ingia peke yako."