Cherehani Iliyosingiziwa Kula Umeme

Ndugu zangu, jirani yangu mshonaji alikuwa mtu wa furaha. Tumepakana ukuta. Kila asubuhi, nikimaliza sala, nilisikia cherehani yake ya umeme ikinguruma na yeye akiimba juu yake. Sare za watoto wa mtaa mzima zilitoka kwenye sindano ile, na ada ya wanawe pia.

Siku moja umeme wa kulipia kabla ukaisha ghafla. Mumewe akatoka bafuni, povu kichwani.

"Hilo lidude lako linatumaliza!" alifoka. "Linanguruma kutwa nzima! Ijumaa anakuja mtu kulinunua."

Mshonaji akaja kwangu analia. Nikamwambia, "Futa machozi, mwanangu. Tangu lini kelele ikawa kipimo? Kila chombo kina kibandiko, kimeandikwa wati. Zidisha kwa masaa unayokiwasha, gawa kwa elfu moja, umepata yuniti." Niliishia darasa la saba, lakini kuzidisha hakujanitoka.

Ijumaa mnunuzi akafika. Mshonaji alikuwa ameketi kwenye cherehani, hakunyanyuka. Ukutani alikuwa ameandika hesabu kwa chaki ya kukatia nguo.

"Baba, soma," alimwambia mumewe. "Cherehani wati mia moja, masaa sita kwa siku: yuniti moja haifiki. Hita unayotumbukiza kwenye ndoo ya kuogea ni wati elfu mbili. Unaisahau lisaa lizima asubuhi, lisaa lizima jioni. Yuniti nne!"

"Hita haina hata sauti!"

"Ndiyo maana imekula miaka miwili bila kushtakiwa."

"Mimi ndiye mwanamume wa nyumba hii!"

"Sikatai. Lakini cherehani haitoki. Ukiibeba, unibebe na mimi niliyekaa hapa."

Mimi nilikuwa mlangoni, namwomba Mungu amtie nguvu mshonaji asilegee. Hakulegea.

Mnunuzi akakohoa. "Basi hiyo hita mnaiuza kiasi gani?"

Mume akatazama ukuta. Akausoma tena, midomo ikimcheza. Kisha akaingia bafuni, akarudi na hita, waya ukiburuzika sakafuni, akamkabidhi yule mtu.

FUNZO

Tusihukumu kwa masikio, tupime. Soma kibandiko, hesabu masaa, ndipo unyooshe kidole. Nanyi wanawake wenzangu, kazi ya mikono yenu ikisingiziwa, msiishie kulia. Wekeni hesabu ukutani, mkae palepale. Mungu hapendi ushahidi wa uongo, hata ukiwa wa umeme.