Taa ya Asubuhi ya Oddny

Eilert alikuwa dereva wa gari la kuondoa theluji mjini Vadsø, kaskazini kabisa mwa Norwe. Kila alipotoka kazini, mkewe, Oddny, alimpokea kwa kahawa na maneno tele.

Mwishoni mwa Novemba jua huaga Vadsø, na halichomozi tena hadi Januari. Mwaka ule, jua lilipoondoka, maneno ya Oddny nayo yaliondoka. Alilala kwa muda wa saa kumi na mbili na bado akaamka amechoka. Alikula mikate na vitu vitamu bila kushiba. Kazini, jikoni mwa shule, alikwenda kwa kujikokota.

"Nimekukosea nini?" Eilert akamwuliza.

"Hujanikosea."

"Mbona basi hata hunitazami?"

"Niache, Eilert. Labda niende nikakae kwa dada yangu. Hapa nakuchosha tu."

Eilert alitoka, akaketi ndani ya gari, injini imezimwa. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa! Aliona wazi kwamba mkewe amemchoka.

Jirani yao Gunnvor, muuguzi wa zahanati, aligonga kioo.

"Unamlinda nani humo ndani?"

Eilert akamweleza yote.

"Hali hii humjia kila mwaka?"

"Kila mwaka, ila safari hii imezidi. Jua likirudi, naye anarudi."

"Basi hajakuchoka, mjinga wewe! Anaumwa. Ni sonona ya majira ya giza. Mwili una saa yake, na mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha. Mwanga ukikosekana, baadhi ya watu huvurugika usingizi na moyo huwa mzito. Si uvivu, wala si chuki."

"Kumbe? Nitawasha taa zote za nyumba!"

"Hizo hazitoshi. Kuna taa maalumu, kali sana. Lakini kwanza mpeleke kwa daktari."

Daktari alimwuliza Oddny kuhusu macho yake, dawa anazotumia, na kama amewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi. Kisha akamwuliza waziwazi kama anafikiria kufa.

"Hapana," Oddny alisema, machozi yakimlengalenga. "Ila nimechoka kuwa hivi."

"Wazo hilo likija, usingoje. Piga simu saa hiyo hiyo. Na taa isipofaa, kuna dawa, na kuna mazungumzo na mtaalamu."

Daktari alipoikubali taa, Gunnvor akaja nayo kuwaonyesha namna ya kuitumia. Taa ikawekwa mezani, umbali wa mkono, kando kidogo.

"Kaa mbele yake nusu saa, mara tu unapoamka. Macho wazi, lakini usiikodolee. Kunywa kahawa, soma gazeti. Kila siku."

Eilert hakuwa na subira. Siku ya tatu akaiwasha na jioni pia, ili mkewe apone upesi. Oddny hakupata usingizi hadi alfajiri.

"Nani kakutuma?" Gunnvor akamkaripia. "Jioni mwanga huu unaudanganya mwili kwamba kumekucha. Asubuhi tu!"

"Yeye hudhani kila kitu ni theluji," Oddny akasema. "Anataka kukikwangua mara mbili."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema kwa mkupuo wiki ile. Eilert hakujali kwamba alikuwa anataniwa.

Kufikia wiki ya pili Oddny aliamka bila kuamshwa. Neno la kwenda kwa dada yake halikusikika tena. Gunnvor aliwashauri watembee nje mchana, kwa kuwa hata mwanga ule hafifu wa buluu, unaoonekana saa sita mchana ingawa jua halichomozi, una faida yake.

Basi wakatoka wameshikana mikono. Karibu na kanisa Eilert akateleza, akaanguka chali, kofia huku, miguu kule angani. Oddny akaangua kicheko. Alicheka hadi akashika mbavu.

"Inuka basi, mzee!"

"Bado kidogo," Eilert akasema. Barafu ilimuuma mgongo, lakini alibaki pale pale chini, akimsikiliza mkewe anavyocheka.