Mkono wa Kulia wa Anlan

Kila alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya vilima vyetu vya udongo wa manjano, mimi huwa nimeshawasha jiko la makaa ya mawe pembeni ya ukuta wa sekondari. Nabandika maji, napanga vikapu vya mianzi, na mikate yangu ya mvuke yenye kabichi ndani inaanza kuiva. Hapo ndipo kelele huanza. Upande wa pili wa ukuta wanafunzi husoma kitabu cha Kiingereza kwa sauti, wote kwa pamoja, kila mtu na ukurasa wake, kama bata waliofunguliwa bandani. Anayenyamaza hugongwa begani na mwalimu. Ndivyo asubuhi za shule zetu zilivyo, nasi majirani hatuhitaji saa.

Katika sauti zile zote, ya mjukuu wangu Anlan naitambua. Namlea mwenyewe. Baba na mama yake wanashona viatu kiwandani huko kusini, nao hurudi Mwaka Mpya tu, na miaka mingine hawarudi. Alipoingia sekondari ya juu aliwekwa darasa la mbele, lile la watoto wanaotarajiwa kwenda chuo kikuu. Karatasi zake za Kiingereza zilirudi na alama ambazo majirani walikuja kuziangalia. Tukaamini Kiingereza anakijua.

Siku moja basi likamshusha msichana mgeni, amebeba begi kubwa mgongoni na ameshika tumbo. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Akanisemesha, nami sikuelewa hata neno.

"Anlan," nikaita, "njoo umsikilize huyu. Anasema lugha yako."

Anlan akafuta mikono, akasimama wima kama yuko darasani. Mgeni akarudia polepole. Anlan akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Mwisho nikamshika mgeni mkono na kumpeleka zahanati mwenyewe, kwa sababu tumbo linalouma halihitaji mkalimani.

Niliporudi nilimkuta mjukuu wangu amekaa juu ya gunia la unga.

"Bibi, yale maneno yote ninayajua," alisema. "Aliuliza daktari yuko wapi. Angeniletea swali hilo kwenye karatasi ningepata alama zote. Lakini hayakutoka."

"Yatatoka siku nyingine."

"Hayatatoka yenyewe. Nitayatoa mimi."

Basi tangu siku ile sikupata tena utulivu. Anlan alisema Kiingereza na unga, na paka, na ndoo. Alinifanya mteja wa kigeni, nami nikawa natoa sauti zozote zinazonijia, yeye anajibu. Wanafunzi waliopanga foleni kununua mikate walijifia kwa kicheko. Aliyezidi wote ni Kewen, mtoto wa fundi wa matrekta, anayekaa naye dawati moja.

"Eti Mwingereza wa mikate, leo umeiambia nini kabichi?"

"Nimeiambia ina akili kukuzidi."

"Unakosea, mwenzangu. Hata mimi nasikia unavyokosea."

"Nakosea, lakini nasema. Wewe hukosei kwa sababu hufungui mdomo. Unataka mkate au unataka kufundisha?"

Kewen alinunua mkate. Lakini kesho yake alirudi na maneno mengine ya kumchokoza, na keshokutwa pia.

Vuli ile ikaja habari ya somo la wazi. Mkaguzi kutoka mkoani angekuja kumtazama Mwalimu Shi akifundisha Kiingereza, na wazazi wangeruhusiwa kukaa nyuma ya darasa. Shule yetu haiachi jambo kama hilo liende lenyewe. Somo lilifanyiwa mazoezi tangu mwanzo hadi mwisho, kila swali likapewa mtu wake, kila mtu akapewa jibu lake. Na kuna amri moja ambayo nyinyi msomao huenda hamjapata kuisikia. Mwalimu akiuliza, darasa zima linyooshe mikono, ili mgeni aone watoto wote wana ari. Anayejua jibu anyooshe mkono wa kulia. Asiyejua anyooshe wa kushoto. Hivyo mwalimu hakosei wa kumchagua.

Anlan alipewa swali: Jumapili ulifanya nini? Na jibu alilopewa lilikuwa kwamba alitembelea jumba la makumbusho pamoja na wazazi wake.

Mji wetu hauna jumba la makumbusho. Na wazazi wake mnajua waliko.

Anlan alikataa. Alimwambia mwalimu kwamba atasema alichofanya kweli, au asiulizwe kabisa. Jioni hiyohiyo Mwalimu Shi akaja kwenye jiko langu, mtu mwembamba, macho mekundu kwa kusahihisha, koti limejaa vumbi la chaki.

"Bibi Qiao, mjukuu wako ananiharibia somo."

"Kafanya nini, mwalimu?"

"Nampa jibu safi, lisilo na kosa, analikataa. Anataka kueleza habari za unga. Kwa Kiingereza kilichovunjika, mbele ya mkaguzi."

"Kwani Jumapili alikuwa wapi, mwalimu, kama si kwenye unga?"

Akapangusa vumbi la koti. Kisha akasema kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha. "Bibi, mimi nawafundisha mtihani. Mtihani hauulizi mtoto alikula nini. Unataka jibu lililo sahihi. Nimewafikisha wengi chuo kikuu kwa njia hii. Basi siku hiyo anyooshe mkono wa kushoto, anyamaze, yaishe. Akinivuruga, nitaomba ahamishiwe darasa la kawaida."

Akaondoka. Mjini kwetu kila mtu anajua darasa la kawaida linakoelekea. Linaelekea kwenye treni ya kusini, kwenye viwanda vya viatu.

Tulipokuwa tunakanda nikamwambia Anlan, "Mjukuu wangu, ni sentensi moja tu. Iseme, upite."

Hakuinua macho. "Bibi, unaona aibu kuuza mikate?"

"Sioni."

"Basi kwa nini nione mimi? Ni mara ya kwanza mtu ananiuliza nilifanya nini. Siwezi kujibu kwa maisha ya mtoto mwingine."

Nilikanda donge lile mpaka mikono ikaniuma. Kisha nikamwambia, "Fanya utakavyoona. Wakikuhamisha, nitakwenda ofisini kwao kila siku na kikapu changu, mpaka wachoke kuniona."

Siku ikafika. Nilikaa nyuma pamoja na wazazi wengine, nimevaa koti langu la sikukuu. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye nywele fupi, ameshika kikombe cha chai. Mwalimu Shi alipouliza, mikono ikapanda yote kwa mpigo mmoja, kama majani ya mahindi upepo ukivuma. Mtoto aliyechaguliwa alisimama, akajibu bila kukwama, akakaa. Likaja swali lingine, ikawa vilevile. Mkono wa kushoto wa Anlan ulikuwa juu, na shingo yake nilikuwa naiona imekuwa nyekundu.

Ndipo Mwalimu Shi akauliza kuhusu Jumapili. Jibu alilolikataa Anlan, mwalimu alikuwa amempa Kewen. Mkono wa kulia wa Kewen ukapanda.

Na Anlan akashusha wa kushoto, akapandisha wa kulia.

Darasa lote liliona. Mtu mmoja akavuta pumzi. Mwalimu akayapitisha macho juu yake kama juu ya dawati tupu, akamwita Kewen, naye Kewen akatembelea jumba la makumbusho pamoja na wazazi wake bila kosa hata moja. Mwalimu alikuwa ameshafungua ukurasa unaofuata, lakini mkono wa Anlan haukushuka. Ulibaki hewani peke yake.

"Mwalimu," mkaguzi akasema, "huyo binti aliyebadilisha mkono. Ningependa kumsikia."

Anlan akasimama. Alisema polepole, anakwama, anarudi nyuma, anaanza tena. Mimi sikuelewa, ila baadaye alinieleza, na kwa lugha yetu maneno yake yalikuwa hivi: "Jumapili mimi pika mikate na bibi. Mvua nyingi. Baba piga simu. Baba sema Mwaka Mpya hawezi rudi. Mimi sitaki lia, kwa sababu machozi ingia unga."

Wanafunzi wengine walicheka. Mkaguzi hakucheka. Aliweka kikombe chini, akauliza jambo ambalo halikuwa kwenye mazoezi yoyote: mikate ina nini ndani? Anlan akajibu. Akamuuliza tena, na Anlan akajibu tena, na sasa mikono yake ilikuwa inakanda hewani. Nikajua anamweleza donge.

Kisha mkaguzi akamgeukia Kewen, bado kwa Kiingereza. "Jumba gani la makumbusho? Uliona nini humo?"

Kewen akatazama dari. Akamtazama mwalimu. Masikio yakamwiva kwa aibu. Mwisho akamtazama Anlan, naye Anlan akamnong'oneza, "Sema tu."

"Hakuna jumba," Kewen akasema, neno moja moja. "Mimi osha trekta."

Hapo hata wazazi walicheka, walipoelezwa maana, na mkaguzi alicheka kuliko wote. Lakini Mwalimu Shi hakuinua uso wake kutoka mezani mpaka kengele ilipolia.

Alfajiri iliyofuata nilikuwa natoa kikapu cha kwanza nikamwona mwalimu anakuja. Nikajiweka tayari. Nilikuwa na maneno yangu, na hayakuwa matamu.

Akasimama mbele ya Anlan, akasema kitu kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayepita kwenye barafu. Anlan akamkodolea macho, kisha akamfungia mikate ya kabichi.

"Ameomba mkate wa moto, Bibi," akanieleza. "Amekosea kidogo."

"Nimekosea," Mwalimu Shi akakubali. "Miaka yote hii nasahihisha Kiingereza, na sijawahi kununua nacho hata mkate. Niliogopa makosa, nikawafundisha na nyinyi kuogopa. Kisha nikawapa uongo kwa sababu uongo ulikuwa hauna makosa. Anlan, utabaki darasani kwangu. Jibu lako likiwa la kweli na limekosewa, nitakusaidia kulinyoosha. Jibu la uongo hata likinyooka, sina la kukusaidia."

Maneno yangu makali nikayameza, nikamwongezea mkate.

Siku hizi kelele za alfajiri bado zipo ukutani. Lakini kabla kengele haijalia husikika kitu kingine, sauti zinazoulizana na kujibizana, zinazokwama na kucheka. Na Kewen akifika kwenye foleni, huagiza kwa Kiingereza, nami namjibu kwa lile neno moja nililojifunza, ambalo maana yake ni subiri zamu yako.