Alama ya Penseli

"Mayai yanamwuliza mwenyewe."

Ujumbe wa ofisi ulimkuta Candida Mtaa wa Msimbazi, saa kumi kasorobo alasiri. Maana yake ilikuwa moja: nenda kwa Humoud sasa hivi. Akaufuta na kupenya katikati ya mikokoteni kuelekea Mchafukoge. Bastola yake, Glock, ilikuwa kiunoni, chini ya blauzi. Kwenye pochi alikuwa na tochi nyembamba.

Humoud aliuza taa. Kwa miaka mitatu alikuwa pia mtoa habari wa Kitengo, idara ya upelelezi aliyofanyia kazi Candida, akiwafuatilia wageni walioingiza bunduki nchini ndani ya makontena ya feni. Candida hakuwahi kumwona. Waliandikiana tu, na mzee huyo alikuwa na ugonjwa mmoja: ukimwuliza habari za kontena anakujibu, kisha anakushushia aya nzima ya mayai ya chatu wake. Candida alizisoma kwa kero, na mara mbili alimlalamikia bosi wake, Heriel.

Leo kontena moja lilikuwa linatoka bandarini saa kumi na moja. Namba yake ilikuwa kwenye kadi ndogo ya simu, na kadi ilikuwa ndani ya yai lililoharibika.

Ghorofa ya nne. Akagonga mara tatu.

Mlango ulifunguliwa na mtu wa makamo, kanzu safi, harufu ya udi.

"Shikamoo, Mzee Humoud."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata mzigo? Pita."

Mashine ya kuangulia ilikuwa mezani, zile za vifaranga zinazouzwa Kariakoo. Ndani yake mayai kumi na moja, meupe, yenye maganda laini kama ngozi, yamelala kwenye vumbi la makumbi ya nazi lenye unyevu.

"Yanaendelea vizuri," alisema mwenyeji. "Nayageuza asubuhi na mchana, yapate joto kote."

Akachukua moja, akaligeuza taratibu kama mfugaji wa kuku.

Candida aliikumbuka aya moja ya Humoud neno kwa neno: yai la nyoka haligeuzwi, hata nyumba ikiungua, maana mtoto anafia ndani. Ndiyo maana Humoud huchora msalaba wa penseli juu ya kila yai. Sasa misalaba ilikuwa ubavuni, mingine haikuonekana kabisa.

Huyu hakuwa Humoud.

Aliogopa, na hakujidanganya. Risasi moja ingemmaliza huyu, lakini mzee alikuwa wapi, na nani alikuwa naye? Akaomba ruhusa ya kupiga simu ofisini.

"Sema," Heriel alijibu.

"Bosi, mayai yamegeuzwa."

Heriel naye alikuwa amezisoma aya zile mpaka kuchoka; alielewa.

"Dakika nne."

Dakika nne zilikuwa nyingi mno. Candida akatoa tochi, akaeleza kwamba mzigo umo ndani ya yai moja bovu na kulitambua kunahitaji giza. Macho ya mtu yule yaling'aa. Alifunga pazia mwenyewe, akazima na taa.

Yai la kwanza alilolimulika likawaka wekundu hafifu, limejaa mishipa myembamba. Hai. La pili lilikuwa la manjano tupu kama samli, bila mshipa hata mmoja. Chini yake palikuwa na kivuli kidogo cha pembe nne.

"Hili limekufa," alisema.

Jamaa akainama kutazama.

Candida akampiga mwanga wote machoni.

Goti. Kiwiko. Bastola ya jamaa ikaanguka kwenye zulia. Mdomo wa Glock ukagusa sikio lake, na Candida akauliza mara moja tu.

"Bafuni," mtu yule alinong'ona. "Niko peke yangu."

Akamfunga kwa waya wa taa.

Humoud alikuwa sakafuni, jicho limevimba, kitambaa mdomoni. Candida alikivuta.

"Ameyagusa?" mzee aliuliza.

Hakuuliza lingine. Alipojibiwa, alilia bila kujificha, na Candida akabaki kamshika mkono mpaka vijana wa Heriel walipoingia. Kisha akapasua lile yai bovu, akaipachika kadi kwenye simu yake ya Tecno na kumtumia Heriel namba.

"Tunalo kontena," Heriel alisema kwenye simu baada ya muda. Saa ilionyesha kumi na dakika arobaini na nane.

Candida alimwachia mzee tochi, akashuka ngazi bila haraka, akipanga nywele. Alikuwa amefika Msimbazi simu ilipotetemeka.

"Saba yana mishipa. Mawili yamekwisha. La kumi silielewi, mshipa upo lakini umefifia. Nimeurudisha msalaba juu. Unajua, mwanangu, unyevu ukipungua ganda linabonyea, sasa mimi huwa..."

Ujumbe ulikuwa mrefu. Candida alisimama kando ya meza ya muuza chaja na kuusoma wote, mpaka nukta ya mwisho. Kisha akaandika:

"Hilo la kumi, kesho utaliangalia saa ngapi?"