Binti wa Shamba la Juu

Harufu ya kondoo aliyelowa mvua ilianza Jumatatu, ghorofa ya kumi na tisa, Guangzhou, katika jengo ambamo hata paka haruhusiwi. Felisia alipiga deki mara mbili. Harufu ikabaki.

Mumewe, Sostenes, mchana alinunua nguo za jumla katika soko la Zhanxi, na jioni alitia maneno ya Kiswahili kwenye filamu za vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video za mitaani, vya Mbeya. Safari hii alipata filamu kongwe isiyo na sauti, ya mashamba mawili ya kondoo yanayogombea malisho. Binti wa shamba la juu alimpenda kijana wa shamba la chini. Midomo yake ilicheza tu. Sostenes ndiye aliyemsemea.

"Mpenzi wangu, silali nikikukumbuka," alisema, akiibana sauti iwe ya kike, laini mno.

Felisia alisimama mlangoni na sufuria mkononi. Miaka sita ya ndoa na mtoto mmoja, Kissa, waliyemwacha kwa bibi yake Mbeya, yeye hajaambiwa hivyo hata siku moja. Mwenye wivu ajinyonge, huwa tunatania. Lakini wivu huu ulimkaba kwelikweli, tena kwa ajili ya mtu wa kwenye kioo cha kompyuta.

Jirani yao Zulekha, mwanafunzi kutoka Tanga, alikuja kuazima chumvi akaishia kuziba pua.

"Dada Felisia, huyo binti ni jini," alinong'ona. "Jini bubu hutafuta wa kumsemea. Akishasemewa jambo, linakuwa kweli. Mwambie shemeji aache."

"Mwambie wewe. Mimi siku hizi hanisikii."

Alhamisi mchana, Sostenes akiwa Zhanxi, Felisia aliifuta sauti ya mumewe, akashika maikrofoni. Alitaka kumkomesha yule binti. Kila binti alipofungua mdomo, Felisia alisema:

"Mimi ndiye mama Kissa. Sostenes ni mume wangu wa ndoa. Hii ni nyumba yangu."

Hasira haikumpa nafasi ya kuona kwamba mdomo uliokuwa ukiyasema hayo ni wa binti. Binti aliliacha zizi, akaja mbele mpaka uso wake ukajaa kioo kizima, na ile harufu ikamvamia Felisia kooni, na manyoya mabichi yakamsugua magoti, na alipotaka kumwita Zulekha akajikuta amesimama kwenye tope la kijivu katikati ya kondoo, mdomo wazi, sauti hakuna, huku ng'ambo ya kioo mwanamke aliyevaa kitenge chake akifunga dirisha taratibu.

Sostenes alirudi jioni.

"Mama Kissa! Leo laoban, yule mwenye duka wa Zhanxi, kanipa mzigo mapema."

"Abee, baba Kissa. Pole na kazi, mpenzi."

Sostenes alishangaa kidogo, kisha akafurahi. Akala, akafungua kompyuta. Kwenye filamu mwanamke alikuwa akipiga mayowe yasiyosikika, amemnyooshea mikono. Sostenes hakumtambua.

"Huyu analia sana. Nimsemee nini?"

Mkewe alimwekea mkono begani.

"Sema ana furaha. Sema hataki kurudi."

Sostenes akaibana sauti, akasema.