Ushungi wa Alisi

Soko la Lewisham, hapa Landani, siku ya Jumamosi halimjui mkubwa wala mdogo. Wauza matunda wanapiga makelele, vigari vya watoto vinakukanyaga vidole, na mvua ikitaka kunyesha haikuulizi. Katikati ya vurugu hiyo Jokha alikuwa akikimbilia basi, amevaa gauni refu la sufu la rangi ya udongo, na kichwani ushungi mweupe wa kitani uliomzunguka mpaka kidevuni.

"Assalaam aleikum, dada!" Mwanamume alimfuata mbio. "Umeangusha glovu. Na samahani, harusi ya wapi leo? Ushungi wa namna hiyo sijauona hata Unguja."

Jokha alicheka mpaka akashika meza ya machungwa. "Waaleikum salaam. Si wa harusi, kaka. Ushungi huu ni wa Alisi."

"Alisi ndiye nani?"

"Bibi mmoja wa Kizungu. Kafa zamani, wakati wa tauni. Namwigiza." Akageuka. "Tazama sasa, basi limeniacha kwa ajili yako!"

"Usijali, linakuja jingine. Mimi dereva, najua." Jina lake Mbarouk, Mpemba, mpole wa uso. Lakini Jokha alikumbuka baadaye kwamba lilipotajwa neno tauni, mkono wa Mbarouk ulikwenda kwenye kifungo cha koti na kukifunga, na kumbe kilikuwa kimeshafungwa.

Wakapendana. Siku za kazi Jokha alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao, na mikono yake ilipasuka kwa sabuni na baridi. Mbarouk alimletea mafuta ya nazi kwenye kichupa cha jamu, na kila yakikaribia kwisha alileta mengine bila ya kuombwa.

Jokha alimtaka jambo moja tu: aje amwone Alisi.

Mchezo aliutunga mwenyewe, na kila Jumamosi aliucheza kwenye ukumbi mdogo nyuma ya soko. Alisi alikuwa msokota sufu wa Landani ya kale. Tauni ilipoingia, matajiri walikimbia, na kasisi naye akakimbia. Alisi akabaki kuwaosha na kuwazika jirani zake. Mwishoni husimama mbele ya maiti ya mzee, yaani gunia la majani makavu lililofunikwa shuka, akawauliza watazamaji: "Nani atanisaidia tumtoe?"

Hapo Waingereza wote huinama wakatazama viatu vyao. Jokha huliburura gunia peke yake.

"Laazizi, umefika wapi?" Jokha alimpigia simu Mbarouk Jumamosi ya kwanza.

"Shifti imebadilishwa, roho yangu. Wiki ijayo, inshallah."

Wiki iliyofuata: "Jino linaniuma, kipenzi."

"Juzi lilikuwa goti."

"Goti limepona. Maumivu yamepanda juu."

Jokha alicheka bila ya kutaka, kisha akakata simu na kulipiga gunia teke. Zikaja Jumamosi nyingine, na kila moja na ugonjwa wake.

Alikwenda Kingsbury, upande wa pili wa mji, kwa Bhanu, muuza vitambaa aliyezaliwa Mwanza, ambaye gauni la Alisi alilishona bure na pindo akalirudia kila lilipochanika.

"Ananionea haya," alisema Jokha. "Anaona mchumba wake anavaa kama sista wa kanisani."

"Akuonee haya kwa nini?" Bhanu alimsogezea chai. "Mtu mwenye haya na wewe hakuletei mafuta ya mikono, binti. Umemuuliza?"

"Nimechoka kuuliza!"

Siku hiyo hiyo alimkuta Mbarouk kwenye kituo cha basi, amemshikia chupa ya chai kama kawaida yake. Jokha hakuipokea.

"Unanionea haya, Mbarouk?"

"Hasha!"

"Basi sema. Neno moja tu la kweli."

Mkono wa Mbarouk ukaenda kwenye kifungo cha koti.

"Usinipigie tena," alisema Jokha.

Na kweli hakupiga. Hilo ndilo lililomuudhi Jokha kuliko yote.

Jumamosi ilipofika alicheza kwa hasira tupu. Alisi hakuwahi kuwafokea matajiri vile. Alipofika kwenye gunia, sauti imemkauka, aliuliza: "Nani atanisaidia tumtoe?"

Vichwa vikainama. Viatu.

"Mimi," alijibu mtu kwa Kiswahili.

Alikuwa Mbarouk, mlangoni, na sare yake ya udereva. Alikuja mbele taratibu. Hakulibeba gunia kama gunia. Alitia mkono chini ya pale ambapo pangekuwa shingo, akaiweka sawa shuka, akanyanyua. Midomo yake ilikuwa ikisoma dua. Jokha alisahau maneno yote ya Alisi. Alishika upande wa miguu, wakamtoa mzee.

Nyuma ya pazia Mbarouk hakuweza kumtua.

"Baba alikufa mwaka ule wa korona," alisema. "Mimi nilikuwa mgonjwa, nimefungiwa chumbani. Nilimzika kwenye simu, Jokha. Na kabla hawajafukia, simu ikaniishia chaji."

Jokha alilia, kisha akapandwa na hasira upya. "Na miezi yote hii unaniambia jino!"

"Ningesemaje?"

"Hivyo hivyo ulivyosema sasa, we mwanamume!"

"Nisamehe. Nikituma watu kwa kaka yako, watapokewa?"

"Watume. Lakini hasira hazijaniisha, ujue. Na Jumamosi ijayo silibebi peke yangu."

Mbarouk alikuna kichwa. "Jumamosi nina shifti."

Jokha akashika kiuno.

"Wallahi, mara hii kweli!" Akatoa simu haraka, akampigia dereva mwenzake. "Kizito, ndugu yangu, nishikie Jumamosi. Nina maziko."

"Poleni jamani! Nani kafariki?"

Mbarouk alitazama lile gunia, bado limemlalia mkononi.

"Mzee wangu," alisema. "Nilichelewa kumzika."

Kizito hakuuliza ilikuwaje wala lini.

"Nenda, ndugu," alisema. "Basi nitaliendesha mimi."