Lori Lililoitwa Kiwandani

Lori lilikuwa limeibwa. Inspekta alipofika yadi ya shirika la umeme asubuhi ile, alikuta pengo katikati ya safu ya malori ya kikapu, yale yanayowainua mafundi hadi kwenye nyaya. Kiwanda kilichoyaunda kilikuwa kimeyaita yote yarudishwe.

"Yana kasoro gani?" akamwuliza meneja.

"Waya chini ya kiti, afande. Mkono wa lori ukiinua kikapu, waya unashika moto. Lori linaweza kuungua fundi akiwa huko juu."

 Kumbe Inspekta hakuwa anatafuta lori tu, alikuwa anamtafuta mtu kabla hajaungua.

Mlinzi wa lango aliapa kwamba hakuna mgeni aliyepita. Meneja akashikilia kwamba ni genge la vipuri, akaeleza kirefu huku jasho likimtoka. Inspekta hakuwa na habari naye. Alikuwa amechuchumaa kwenye pengo. Malori mengine yote yalikuwa na kabari magurudumuni na koni kila pembe, lakini hapa palikuwa peupe.

"Koni zimekwenda wapi?"

"Labda wamezibeba."

"Mwizi mwenye haraka anaokota koni?"

 Mwishowe meneja alikiri kwamba mafundi wa nyaya hawaondoi gari kabla ya kulizunguka kwa miguu na kuokota kila kitu. Tabia hiyo imewaingia mwilini, hata magari ya nyumbani huyazunguka na wake zao huwacheka.

Inspekta naye akacheka, kwa furaha. Mwizi alikuwa wa humo humo, na fundi haibi kikapu bila kuwa na kazi nacho.

"Wapi hakuna umeme?"

"Mtaa wa bondeni. Waya ulikatika jana, na malori ndiyo hayo yamezuiwa."

"Fundi gani anakaa huko?"

"Popo," meneja akanong'ona. Ndivyo walivyomwita fundi mkuu, kwa kuwa maisha yake yote ni kuning'inia.

Konstebo wake aliendesha kana kwamba kaibiwa yeye. Bondeni wakaliona lori chini ya nguzo, koni zimepangwa vizuri kulizunguka. Popo alikuwa juu, peke yake, na moshi ulikuwa unafuka mlangoni kwa dereva.

"Shuka!"

"Nabana nati ya mwisho, afande."

Inspekta akaruka koni, akafungua kisanduku cha betri ya lori, akang'oa waya kwa nguvu zake zote. Moshi ukapungua. Popo alishusha kikapu kwa pampu ya mkono, akaomba dakika moja, akachukua fimbo yake ndefu na kurudisha fyuzi aliyokuwa ameitoa nguzoni. Madirisha yakawaka mtaa mzima.

"Nimeliiba mimi," akasema. "Mama anapumua kwa mashine. Betri yake ilikuwa inakata roho, na gari la wagonjwa tunaahidiwa tu tangu alfajiri."

"Mbona peke yako?"

"Nimpandishe nani kwenye lori ninalojua linaungua?" Akakunja mkono wa shati. Ngozi ilikuwa imebabuka hadi kiwikoni. "Mimi ndiye niliyeripoti, baada ya kuungua. Nilikataza mtu yeyote asipande tena, mpaka kiwanda kikayaita yote."

Inspekta alitoa pingu, nazo zikamwia nzito. Alimwonea huruma waziwazi.

"Ungejua malori yatazuiwa na mama yako atakosa umeme, ungeripoti?"

Popo akatazama dirisha la mama yake.

"Ningeripoti," akasema, akinyoosha mikono. "Halafu ningeliiba."